Vifurushi vya Bi Kheiria

Bi Kheiria hajapata kumwomba mtu amsomee kitu. Karatasi ya umeme ikija ataiangalia, ataiweka mezani, atasema, "Nimeiona," na mwenye akili zake ataichukua aisome mwenyewe kwa sauti, kama kwamba ndiye aliyetaka. Chuoni Unguja alikhitimu msahafu ana miaka tisa, na herufi za Kiarabu mpaka leo akiziandika zinakaa vizuri kuliko za watu waliosoma. Za kizungu alizipata nusu. Baba yake alimtoa skuli darasa la pili, akaambiwa msichana yatosha, na yeye akaamua kuwa kama yatosha basi yatosha, hakuomba kuongezwa.

Maskati alikuja na sanduku moja na sindano zake. Mume alimpata, wakaachana. Nani aliyemwacha mwenziwe inategemea nani anayehadithia. Akashona kofia za mkono, zile za matundu madogo madogo, kofia moja miezi miwili, na ukimwambia kazi yake ghali anakuambia nenda kanunue ya mashine ukae nayo. Mwisho wake akahamia Amerat kwa mdogo wake, Mahfoudh, aliyekuwa mkalimani katika wizara moja na hakuwa na mke. Aliwahi kuwa naye, miezi kumi na moja. Bibi harusi alirudi kwao hana kovu wala ugomvi, na hapana aliyeeleza kwa nini.

Mahfoudh alisafiri sana na wakubwa wa wizara. Wenziwe wakirudi na manukato na mashine za kusagia, yeye anafungua begi lake sebuleni, linatoa harufu ya makabati ya watu wengine, limejaa vitabu vikuukuu.

"Mtu mzima unakwenda Ulaya unarudi na mabaki ya watu," Bi Kheiria akimwambia. "Jina la mwenyewe hili hapa limo ndani. Huyu hakukuuzia. Huyu kafa."

"Ndiyo maana nikakichukua, dada. Kafa, wanawe wakakitia kwenye boksi nje ya duka, bei ya chai."

Havikuwa vitabu vya maduka makubwa. Vilikuwa vya watu waliochapa wenyewe, chumba cha uwani, mashine moja, nakala mia mbili, mia tatu, basi. Watu waliokataa vita, waliokataa kukata nywele, waliokataa kuambiwa waoe nani. Na vingi katika hivyo vilikuwa vya wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake, wameandika maisha yao na kuyachapa kwa mikono yao kwa kuwa wachapaji wakubwa hawakutaka hata kuyagusa. Vingine vya Nairobi, vingine vya Beirut, vingine vya miji ambayo Bi Kheiria anaijua kwa mabegi tu. Hapa hapa Maskati pia alivipata. Walimu wa kigeni wakimaliza mikataba wanauza vyombo vyao nyumbani; watu wanagombania mafriji na makochi, na Mahfoudh, bwana mzima na kanzu yake nyeupe ya dishdasha, kapiga magoti sakafuni mbele ya boksi la vitabu.

Sasa vitabu vya namna hiyo havikufungwa kwa gundi nzuri. Karatasi zimekunjwa kati na kupigwa pini za stepla, na joto la hapa pamoja na unyevu vinazila pini zile mpaka zinaacha kutu kwenye karatasi kama damu iliyokauka. Siku moja Mahfoudh alikaa navyo sebuleni anachokoa pini kwa kisu, anachana karatasi. Bi Kheiria alivumilia kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kisha akamnyang'anya.

"Lete hapa. Utakiua."

Akaking'oa pini kwa ncha ya sindano, akatoboa matundu matatu kwenye mgongo, akakishona kwa uzi wa kofia, fundo likaingia ndani lisionekane. Mahfoudh alikigeuza, akakifungua, akakifunga.

"Dada, huyu aliyekichapa hakukishona vizuri hivi."

"Najua," akasema Bi Kheiria.

Toka siku hiyo hapana kitabu kilichoingia nyumba ile kisipite sindanoni mwake. Miaka kumi na tisa. Hakusoma hata kimoja, lakini ukimzimia taa ukampa mkononi angekuambia hiki nilikitia uzi wa rangi ya samli, hiki wa kijani, hiki karatasi yake mbovu nikaipachika kitambaa. Mara moja tu aliuliza. Kilikuwa kijitabu chembamba chenye picha ya vikongwe wawili wa kike wamekaa benchi, wameshikana mikono.

"Hawa ndugu?"

"Siyo ndugu. Wameishi nyumba moja miaka arubaini."

"Bila waume?"

"Bila waume."

Bi Kheiria akaitazama picha. "Basi walipumzika," akasema, akatia uzi tunduni. Mahfoudh alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

Alijua tokea lini khabari ya mdogo wake? Hapana aliyemuuliza, na angeulizwa angejibu kuwa yeye anajua kushona kofia.

Kila Ijumaa baada ya sala alikuja Loai. Mtu mpole, mhandisi, mdogo kwa Mahfoudh miaka kumi hivi, mkononi hakosi sahani ya halwa. Walikaa wawili na vitabu vyao, huyu anasoma, huyu anasikiliza, wakibishana juu ya mwaka wa kuchapwa kama wanaobishana juu ya shamba. Bi Kheiria aliwatilia kahawa amesimama. Miaka yote ile hakukaa.

"Kaa nasi kidogo, Bi Kheiria," Loai akisema.

"Nna kazi."

Hana kazi. Anakwenda jikoni anakaa kwenye kiti kile kigumu, anasikiliza sauti zao mlangoni mpaka laasiri. Mahfoudh alimwambia mara moja tu, "Dada, ungekaa hata siku moja." Akamjibu, "Kahawa naitia, au siitii?" Yakaisha hapo.

Kisha Mahfoudh akaugua ini, na hayo hayakuchukua muda. Kitandani hospitali akamwambia, "Vitabu vyangu mpe Loai. Vyote, dada. Visigawanywe, visipunguzwe."

"Andika."

"Nikiandika wataniuliza Loai nani."

Bi Kheiria akamtengeneza shuka. "Nimesikia," akasema. Kwake yeye neno hilo ni muhuri.

Kwenye matanga Loai alikuja kama wageni wengine. Alikaa mwisho wa baraza, karibu na viatu, akawapa mikono watu waliomjua Mahfoudh kwa wiki mbili za kazi, nao ndio waliopewa pole. Siku ya nne akaja nyumbani. Bi Kheiria alimtilia kahawa amesimama, akampa maneno ya marehemu. Loai aliinama, akakizungusha kikombe mkononi mpaka kikapoa.

"Kazi yangu sasa iko Duqm, mbali huko kusini," akasema. "Chumba cha kampuni, tuko watu watatu. Nipe wiki tano, Bi Kheiria. Nimepata nyumba huko. Alkhamisi ya mwisho wa mwezi ujao nnakuja na gari, navichukua vyote mara moja."

"Utavikuta."

Na aliposema utavikuta, ndani yake alikuwa anasema na mengine. Alikuwa anasema, nilikuona miaka kumi na tisa na sikukaa. Lakini hayo hayakutoka, kwa hivyo akaona atayalipa kwa vitabu.

Nyumba ile ilikuwa ya mirathi: nusu ya Bi Kheiria, nusu ya Hatem, mtoto wa kaka yao aliyetangulia kufa. Hatem anakaa Mabela na mkewe, Noof. Si mtu mbaya, na hapo ndipo penye ubaya. Angekuwa mbaya, Bi Kheiria angejua pa kumshika. Ni kijana wa sala tano, anayempeleka shangazi yake hospitali kabla hajaombwa, ambaye akiona njiani kipande cha gazeti la Kiarabu atasimamisha gari, atashuka, atakiokota na kukiweka juu ya ukuta, asije mtu akalikanyaga jina la Mungu. Alishampata mtu wa kuinunua nyumba, na shangazi yake alishatengewa chumba Mabela, chenye dirisha na kiyoyozi kipya.

"Shangazi, vitabu vya ami navyo vingi," akasema siku moja, kasimama mlangoni mwa chumba cha vitabu. "Hivi vya lugha gani? Kuna mtu anataka, au niite gari la taka?"

Akanyoosha mkono. Bi Kheiria alifika kati ya mkono na rafu haraka kuliko umri wake.

"Viache. Nitavipanga mwenyewe."

Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi akajua la kufanya. Alinunua jora la kitambaa cheupe cha marekani. Akavipanga vitabu tisa tisa, kumi kumi, akavifunga kitambaa pande zote na kushona ukingo wote, mshono wa karibu usioingiza hata kucha. Kisha akatoa kalamu yake ya kuchorea kofia, na juu ya kila kifurushi akaandika Bismillahi Rrahmani Rrahim, kwa khati yake ile nzuri ya chuoni. Vilikuwa vifurushi ishirini na tatu. Vilimchukua siku kumi na moja na vidole viwili vilivyovimba.

Ilikuwa hila? Ilikuwa hila. Alimjua mtoto wa kaka yake: mkono wa Hatem usingelikata jina lile wala kulitia takani. Na kama ni dhambi, alijiambia, basi kuanza jambo kwa jina la Mungu kumekuwa dhambi lini? Alivipanga ukutani, vyeupe, vimetulia, akaviona kama askari.

Kitabu kimoja kilibaki nje. Kile cha vikongwe wa benchini, uzi wake wa zamani umekatika. Hakutaka kumpa mtu kitu kilichofumuka. Akakitia kwenye mfuko wake wa sindano akishone akipata nafasi.

Hatem alikuja Jumamosi, akaviona.

"Shangazi, ni vya dini hivi?"

Palikuwa na neno moja tu la kusema. Amana. Hii amana ya mtu, mwanangu, usiiguse. Hatem kwa neno hilo angelala mlangoni na fimbo. Lakini ukisema amana utaulizwa ya nani, na Bi Kheiria hakuwa tayari kusailiwa na mtoto aliyemfulia nepi.

"Huoni kilichoandikwa juu?" akamwambia. "Umesoma mpaka chuo kikuu, unaniuliza mie?"

"Sikusema kitu, shangazi."

"Basi usiseme."

Wiki ya nne Noof akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Rawan. Hapana mwengine wa kumwosha mtoto na kumkanda mzazi. Mama yake Noof magoti yamekufa. Bi Kheiria akaenda Mabela siku saba, mfuko wake wa sindano mkononi, ufunguo wa Amerat shingoni. Hakukumbuka kuwa Hatem ana ufunguo wake. Au alikumbuka, akaiamini ile Bismillahi.

Alikaa pale akachemsha maji, akamkanda Noof, akamfunga tumbo, akamfokea kwa kula barafu. Adhuhuri, mtoto akilala, alitoa kile kijitabu akakishona pembeni ya kitanda, amekifunika kwa nguo za mtoto.

"Unashona nini, shangazi?" Noof akauliza.

"Kofia."

"Ya nani?"

"Ya asiyeuliza."

Noof akacheka, kwa kuwa alimzoea.

Siku ya saba ikawa akika. Wanawake walijaa sebule, mchuzi wa mbuzi, mashada, mtoto anapita mkono hadi mkono. Hatem akaingia kuwaamkia wakubwa, uso unang'ara kama aliyetoka Makka. Akaja akapiga goti mbele ya shangazi yake, akambusu kichwani.

"Shangazi, nna khabari ya kukufurahisha. Nimekupunguzia kazi. Nyumba nimeisafisha yote, jana na leo asubuhi."

Bi Kheiria alikuwa na kikombe mkononi. "Yote?"

"Yote. Na usikhofu, vile vifurushi sikuvitupa. Nilipoviona tena vimevikwa nguo nyeupe na kushonwa, nilifahamu pale pale. Nikajilaumu kwa nini sikufahamu mbele. Misahafu mikuukuu na vitabu vya dini vya ami, vimechakaa, umevishonea sanda vizikwe kwa heshima. Peke yako, na macho yako hayo! Wallahi nililia, shangazi."

Wanawake wakasema mashallah. Mmoja akasema siku hizi watoto kama huyu hawapatikani.

"Umevizika," akasema Bi Kheiria.

"Makaburini nilikhofu mbwa. Nikakumbuka mlivyotuhadithia, Unguja karatasi za msahafu zikichakaa hutiwa baharini penye kina. Basi Sidab nna rafiki ana boti. Alfajiri tukaenda mbali, mpaka majabali yakawa madogo. Nimefunga jiwe kila kifurushi, nimesoma Fatiha, nikatia kimoja kimoja kwa mkono wangu, vyote ishirini na tatu. Havitarudi juu, shangazi. Nimehakikisha."

Kwa kweli ni yeye aliyewahadithia watoto wa ukoo. Walipokuwa wadogo, jikoni Amerat, alimhadithia Hatem huyu huyu namna babu yake alivyokuwa akitia karatasi zile baharini, ili mtoto ajifunze adabu. Mtoto kajifunza.

Bi Kheiria aliutazama uso ule. Angeweza kusema pale, mbele ya wanawake arubaini, ni nini alichokisomea Fatiha. Mdomo ulifunguka. Angemvunja Hatem, na jina la Mahfoudh lingekuwa limeshafika Seeb kabla mchuzi haujapoa. Akaufunga. Kisha ukafunguka tena kwa kuwa wote walikuwa wanangoja.

"Allah akujazi," akasema.

"Amin, shangazi."

Akashushia kwa kahawa, na kahawa ilikuwa imepoa.

Alkhamisi ilikuwa imebaki siku tatu. Alimwambia Hatem anataka kurudi Amerat kuaga nyumba, na alikwenda. Chumba cha vitabu kilifagiwa vizuri. Rafu zimeondolewa, ukutani pamebaki alama zake. Sebuleni vimebaki viti viwili na meza, vya mnunuzi. Loai alikuja saa nne za asubuhi na gari la kukodi lenye nafasi nyuma, ametandika mablanketi ndani ili vitabu visisuguane. Halwa mkononi.

Bi Kheiria hakumzungusha. Alimwambia yote, tangu kitambaa cha marekani mpaka bahari ya Sidab, bila kujisafisha na bila kulia, kama mtu anayesoma khabari redioni. Loai alisikiliza kasimama mlangoni mwa chumba kitupu. Bi Kheiria alipofikia maneno ya Fatiha, Loai alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko.

"Kwa Bismillahi," akasema. "Na jiwe kila kimoja."

"Kila kimoja."

"Vilikuwa mia mbili na ngapi?"

"Kumi na sita. Mia mbili na kumi na tano vimekwenda. Hiki hapa kilichobaki."

Akatoa kijitabu kwenye mfuko wa sindano. Loai akakipokea, hakutazama picha, akatazama mgongo. Akapitisha kidole kwenye uzi.

"Umekishona lini?"

"Wiki ile ile. Nilikuwa Mabela nashona hiki, yeye huku anavitoa." Akaufunga mfuko. "Ningemwambia neno moja asingevigusa. Sikusema. Ilikuwa juu yangu kusema, sikusema."

Loai hakumwambia kuwa si kitu. Wala hakumwambia ni kosa lake.

Bi Kheiria alikuwa ametayarisha kahawa. Akatia vikombe viwili, akaviweka mezani, na kwa mara ya kwanza tangu amjue mtu yule, akakaa. Akavuta kiti cha pili.

"Kaa, baba."

Loai alikitazama kiti. Alimtazama yeye alivyokaa pale, mikono magotini.

"Nna safari ndefu, Bi Kheiria," akasema.

Akaweka halwa juu ya meza, taratibu, kama siku zote. Kitabu akakitia mfukoni kifuani. Bi Kheiria alisikia mlango wa gari, kisha mablanketi yakikunjwa moja moja, kisha gari.

Hakuinuka. Hatem alipokuja kumchukua, adhuhuri, alimkuta amekaa pale pale, na vikombe viwili vimejaa.

"Shangazi, alikuja mtu?"

"Mtu na amana yake."

"Umempa?"

"Nimempa iliyobaki."

"Alhamdulillahi," akasema Hatem, akamnyanyulia mfuko wake wa sindano.